Sura ya 6: Mawimbi ya Ubongo Si Swichi

Anayetaka utulivu siku hizi huelekezwa kwenye simu yake: rekodi za usiku kucha zinazoahidi delta kwa usingizi mzito, theta kwa ubunifu, alfa kwa amani ya moyo. Biashara hiyo yote imesimama juu ya jedwali moja linalonakiliwa kila mahali. Delta, chini ya mizunguko 4 kwa sekunde, eti ni usingizi; theta, 4 hadi 8, ni njozi; alfa, 8 hadi 13, ni utulivu; beta, 13 hadi 30, ni fikra na wasiwasi; gama, juu ya hapo, ni umakini wa watawa. Namba hizo ni sahihi. Kinachopotosha ni maelezo yaliyobandikwa pembeni mwake, kana kwamba kila wimbi limefungiwa hali yake ya akili, na ukilileta wimbi, hali nayo italazimika kulifuata.

Tuanze na kile kinachopimwa hasa, maana hapa ndipo wauzaji wanapopita mbio. Elektrodi inayobandikwa kichwani hunasa makumi machache tu ya maikrovolti, na seli moja ya neva haiwezi kutikisa mstari wa mashine. Umeme huo hutoka kwenye seli zenye umbo la piramidi zilizosimama wima, bega kwa bega, katika gamba la ubongo. Maelfu kwa maelfu ya seli hizo yakipokea ujumbe kwa pamoja, vijimkondo vyake hujumlika na wimbi huinuka. Kila moja ikishika lake, vijimkondo hufutana na mstari hubaki na vitetemo vidogo vya kasi. Ndiyo maana usingizi mzito huchora mawimbi makubwa ya polepole: seli hunyamaza pamoja na kuamka pamoja, mara moja hivi kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi kubwa hutupa habari za mwafaka, kwamba seli nyingi zinakwenda sawia. Halisemi zinafanya kazi gani. Moshi wa jikoni humwambia jirani kwamba moto umewashwa, na pengine kwamba kuni ni mbichi. Haumwambii chunguni kuna nini, wala maharage hayaivi kwa kupulizia moshi ndani.

Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani, alichapisha rekodi za kwanza za umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1929. Aliona mdundo wa mara 10 hivi kwa sekunde uliokuwa mkubwa mtu akifumba macho, na uliofifia akiyafumbua. Huyo ndiye alfa, na tangu mwanzo alihusika na kuona kuliko na amani. Ushahidi mzito zaidi uko wodini. Baadhi ya wagonjwa ambao moyo wao ulisimama kisha ukarejeshwa hulala bila fahamu yoyote huku kipimo kikionyesha alfa tele, hali ambayo madaktari huiita koma ya alfa. Kinyume chake, mwaka 1952 Abraham Wikler alieleza kwamba mbwa waliopewa atropini walikuwa macho huku ubongo wao ukitoa mawimbi ya usingizi. Na mwaka uliofuata Aserinsky na Kleitman, huko Chicago, waliandika juu ya usingizi ambamo macho hucheza chini ya kope huku mstari ukifanana na wa mtu aliye macho. Jedwali lile haliwezi kumeza mambo haya matatu kwa pamoja.

Pingamizi la maana lipo, na linastahili jibu. Mwaka 2006 Lisa Marshall, Jan Born na wenzao wa Lübeck walipitisha mkondo dhaifu wa umeme, wa mizunguko 0.75 kwa sekunde, kwenye vichwa vya vijana waliolala, na asubuhi vijana hao wakakumbuka vizuri zaidi maneno waliyojifunza jioni. Basi wimbi si dalili tupu? Nakubali kwamba midundo hii yaweza kuwa na kazi yake katika kupanga muda ambao seli huwasiliana. Lakini tazama masharti: vijana walikuwa wameshaingia usingizini, mkondo ulifuata mdundo ambao ubongo ulikuwa ukiupiga wenyewe, na majaribio yaliyofuata hayakuleta matokeo yale yale kila mara. Kutoka hapo hadi sauti ya masikioni itakayomlaza mtu mwenye madeni ni safari ndefu ambayo hakuna aliyeimaliza.

Mdundo wa nje ukiingia kweli, matokeo yake hayafuati jedwali. Tarehe 16 Desemba 1997, kipindi cha katuni za Pokémon nchini Japani kilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana takriban mara 12 kwa sekunde, kasi ya alfa kabisa. Zaidi ya watu 600, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitali, wengine wakiwa katika degedege. Na kifafa ndicho kinachonifanya nikereke na biashara hii, kwa sababu hapo kipimo hiki cha umeme wa ubongo, EEG, kina thamani halisi. Mwaka 1935 Gibbs, Davis na Lennox wa Boston walieleza mstari wa aina ya kifafa ambamo mtoto hukatika katikati ya sentensi, akakodoa macho kwa sekunde 10 hivi, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mstari wake huchora mchomo na wimbi, mara 3 kwa sekunde, kichwa kizima. Mtoto kama huyo darasani huitwa mzembe akachapwa, au nyumbani husemwa ana jini akapelekwa kuzinguliwa, huku kumgundua kukiwa kwepesi: hupumua kwa nguvu kwa dakika 3 hivi mbele ya mashine, na mara nyingi hali hujitokeza hapo hapo, kwenye mstari na usoni. Etosuksimidi au valproati humsaidia. Karbamazepini, dawa nzuri kwa vifafa vingine, yaweza kumzidishia, na mchoro huo ndio humwambia daktari asimwandikie.