Kusikia si kusikika: redio ya gari la wagonjwa inapogoma kutuma

Mwezi huu siandiki habari za mitihani. Nataka niwaeleze jambo lililonikuta mwenyewe usiku mmoja wa mvua. Jambo lile lilinifundisha kitu, na pia limeniachia deni la kuomba msamaha.

Shemeji yangu alishikwa na uchungu kwenye saa nne za usiku. Kule zahanati wakasema mtoto amekaa vibaya, lazima apelekwe hospitali kubwa ya nje ya kambi. Gari la wagonjwa likaja, ile Land Cruiser yenye antena juu. Tukapanda: mgonjwa, mama yake mzazi, muuguzi, dereva na mimi. Hatukufika hata nusu ya njia. Mvua ilikuwa imekula barabara bondeni, gari likazama kwenye tope mpaka kwenye mlango. Simu zetu, mtandao hakuna.

Dereva akachukua maiki ya redio. "Kituo, kituo, tumekwama, tunaomba gari la pili, ova." Kimya. Akarudia, kimya. Halafu ikaja sauti ya kituo, tena inasikika vizuri: "Gari la wagonjwa, uko wapi? Jibu, ova." Akajibu. Wao wakauliza tena swali lilelile.

Mama mkwe wa kaka yangu akaanza kulia. "Si wanaongea nasi? Sasa mbona hawaji?"

Dereva akamwambia polepole, "Mama, sisi tunawasikia. Wao hawatusikii."

Hapa ndipo penye deni langu. Mara ngapi tumekaa pale kwenye bomba la maji tukisema, "Yule dereva aliitwa akanyamaza, bila shaka alilala"? Nami nilisema hivyo, tena mbele ya wanafunzi. Kumbe mtu anaweza kupiga kelele mpaka sauti ikauke, na huku kituoni wanaona amenyamaza tu.

Kwa nini inasikia lakini haitumi?

Nyumbani mnajua jambo hili bila kusoma. Betri zikichoka kwenye tochi, taa inakuwa hafifu kama kaa la moto. Lakini ukizitia betri zilezile kwenye redio ndogo ya kusikilizia habari, bado inaimba. Kusikiliza kunataka nguvu kidogo tu. Kutoa ndiko kunakotaka nguvu nyingi.

Redio ya gari ni hivyohivyo. Ikiwa inapokea tu, inatumia kiasi cha ampea 1. Ukibonyeza kitufe uongee, redio ya wati 25 inaweza kuhitaji ampea 5 hadi 8. Kwa hiyo waya uliooza kidogo unatosha kwa kusikia, lakini kwa kutuma unashindwa. Na antena pia: mawimbi yanayotoka kwenye mnara wenye nguvu yanaweza kupenya hata kama kiungio kimelegea, lakini sauti yako wewe haifiki mbali.

Zamani hali hii ilikuwa kawaida. Mwaka 1928 polisi wa mji wa Detroit, Marekani, walianza kutumia redio kwenye magari. Redio zile zilikuwa za kusikia tu, na askari akitaka kujibu alitafuta simu. Gari lenye redio ya kusema na kujibu lilianza kutumiwa na polisi wa Bayonne, nchi hiyohiyo, mwaka 1933. Sisi usiku ule tulikuwa tumerudishwa 1928.

Dereva alivyotafuta ugonjwa wa redio

Mzee yule hakupigapiga redio kwa ngumi. Alinipa tochi, akasema, "Mwalimu, mulika hapa, tutaenda hatua moja moja." Nimeziandika hatua zake, maana vijana wengi humu wanapenda ufundi.

1. *Chaneli.* Aliangalia kwanza kama namba ya chaneli ni ile ya kituo. Kitasa kikiguswa na goti, gari linahamia chaneli nyingine. Na ikiwa mnara wa kurushia mawimbi umekufa, magari yote yanakosa kusikika, si moja. Hapo watu huhamia chaneli ya gari kwa gari, ambayo haipitii mnarani, ila haifiki mbali.

2. *Maiki.* Alibonyeza kitufe akatazama taa. Redio nyingi huwasha taa nyekundu wakati wa kutuma. Isipowaka, tazama maiki: plagi yake imeingia sawasawa? Ule waya uliojikunja umekatikia ndani karibu na plagi? Kama ipo maiki nyingine ya aina ileile, jaribu hiyo. Yetu iliwaka. Basi maiki haikuwa na kosa.

3. *Umeme.* Akawasha injini, akabonyeza tena. Redio ikizimika au taa zake zikififia wakati wa kubonyeza, umeme haufiki vizuri: betri imechoka, terminali zina kutu, au waya wa bodi umelegea. Fundi mwenye mita hupima hapohapo kwenye redio, kwanza kabla ya kubonyeza, halafu wakati amebonyeza. Injini ikiwaka, kawaida ni volti 13 na kitu. Zikishuka sana ukibonyeza, fuata waya. Kwetu taa hazikufifia.

4. *Antena.* Akashuka kwenye mvua, akaigusa juu. Imesimama, haijavunjika. Akarudi, akaingiza mkono nyuma ya redio. Akacheka. "Ona hii, mwalimu." Kile kiungio cha waya wa antena kilikuwa kinazunguka chenyewe kama kifuniko cha chupa. Barabara zetu zilikuwa zimekitikisa mpaka kikafunguka.

Akakikaza kwa mkono. Akanionya pia: usibonyeze kutuma wakati antena imefunguka. Nguvu inakosa pa kwenda, inarudi ndani, inaweza kuunguza redio.

"Kituo, kituo, hapa gari la wagonjwa, ova."

"Gari la wagonjwa, tunakusikia vizuri. Uko wapi?"

Wapendwa, sijawahi kufurahia swali kama lile. Gari la pili lilifika na kamba. Shemeji alipasuliwa alfajiri, akapata mtoto wa kike. Alipoteza damu nyingi, lakini yeye na mtoto wako nyumbani sasa. Tulikaa pale bondeni karibu saa nzima kwa sababu ya kitu kidogo kinachokazwa kwa vidole.

Sisi familia tufanye nini?

Mtasema hii ni kazi ya madereva. Ni kweli, lakini gari lile linabeba watoto wetu. Kwa hiyo:

- Tuwakataze watoto kuning'inia kwenye antena gari likisimama. Ikipinda au ikilegea pale chini, sauti haifiki.
- Mnapompeleka mgonjwa, msisukume mizigo chini ya dashibodi wala kukanyaga waya wa maiki. Mzigo ukikandamiza kile kitufe, redio inatuma bila kukoma, inaziba chaneli, na magari mengine hayawezi kuita.
- Anayemsindikiza mgonjwa ajue kutaja zoni na blok yake kwa ufupi. Redioni hakuna nafasi ya hadithi ndefu.
- Kabla gari halijaondoka, muulize dereva kwa heshima: "Mzee, umeongea na kituo wakakujibu?" Usiulize kama redio inawaka, wala kama inasikika. Uliza kama *wamemjibu*. Jaribio ni hilo tu, na halichukui hata dakika moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa nyuma ya redio, mahali ambapo jicho halifiki.

Nilikwenda kwa yule dereva wiki iliyofuata, nikamweleza yale niliyokuwa nikisema juu yake pale bombani. Akaniambia, "Mwalimu, hata mimi nilikuwa nadhani watu wa kituo wananidharau." Kumbe kila upande ulikuwa unamlaumu mwenzake.

Nimewaambia pia wanafunzi wa darasa la sita kwamba mwalimu wao alikosea. Siku nyingine tukisikia mtu ameitwa akanyamaza, tuulize kwanza kama sauti yake ilitoka.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea. Tuonane mwezi ujao.