"Abode": Nyumba au Makao?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hebu tulitazame neno moja la Kiingereza linalowakwaza wengi katika tafsiri: "abode". Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu habari ya mahakamani wafasiri. Habari ilisema kuwa mshtakiwa hakuwa na "abode" maalum. Wengi waliandika kwamba hakuwa na nyumba. Nilipowakosoa walinung'unika. Je, kosa liko wapi?

Neno hili ni nomino iliyotokana na kitenzi "abide", ambacho maana yake ya awali ni kungoja au kubaki. Katika karne ya 13, "abode" ilikuwa kitendo cha kungoja, wala haikutaja jengo lolote. Maana ya mahali pa kuishi ilizuka baadaye, katika karne ya 16. Kinachotajwa basi ni kule kutulia kwa mtu mahali. Kuta na paa ni mambo ya ziada.

Sasa tugeukie Kiswahili. Kitenzi "kaa" kimetuzalia makao, makazi, mkazi, mkaaji, kikao na hata mkao. (Mkaa wa kupikia usiuingize humu, una asili yake nyingine!) Makao yameundwa kwa njia ile ile iliyounda "abode". Ndiyo maana twasema makao ya watoto yatima, na makao makuu ya shirika hata kama shirika lenyewe limekodi vyumba viwili tu ghorofani. Mshtakiwa wetu huenda alilala chini ya paa kila usiku, leo kwa binamu, kesho kwa rafiki. Nyumba zilikuwapo, alichokosa ni makao.

Na maskani je? Hili tumelikopa kutoka Kiarabu, ambako kitenzi "sakana" kina maana ya kutulia na kukaa. Hapa pana mtego. Silabi "-ni" katika maskani si kiambishi cha mahali kama katika "nyumbani". Ile "n" ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, na "i" imeongezwa ili neno liishie kwa irabu. Mtahiniwa anayelikata "maska-ni" anapoainisha mofimu amejipotezea alama.

Wanafunzi wangu waliosema "hana makao maalum" niliwapa alama zote, na wa "hana maskani maalum" vivyo hivyo. "Hana nyumba" sikuituza.