Multimetre ya soko na multimetre ya mine: pesa ile ingine inalipa nini?

Ku soko ya Kolwezi, pembeni ya sharjeri za telefone na balbu, multimetre ndogo za plastiki zinatundikwa kama kandambili. Unalipa dola chache, unaenda nayo nyumbani. Lakini mu mukoba wa fundi wa umeme wa mine kuko ingine, nzito, yenye kuvikwa mpira, na bei yake inaweza kupita dola 400. Muuzishaji atakuambia: « Papa, zote zinapima sawasawa. » Na hapo hasemi uongo. Ingiza zote mbili mu prize moja: hii itaonyesha 218, ile 219. Basi, pesa ile ingine yote inalipa nini?

Ulizo hili linatuhusu sisi wote, kazini na nyumbani. Hapa Lualaba, watu wengi wanashika umeme kila siku: baba ku mine, kijana ku pompe ya maji ndani ya shimo, mama mu nyumba na batri ya pano za jua. Tuangalie basi vitu vinne vya kusoma kwenye multimetre mbele ya kutosha pesa mu mufuko.

1. V mbili, umeme wa aina mbili

Multimetre nyingi ziko na V mbili. Moja iko na kamushari ka kuviringa (~): ni ya courant alternatif, umeme wenye kugeuka-geuka, ile ya prize, volti 220. Ingine iko na mushari wa kunyooka: ni ya courant continu, ile ya batri na pano za jua.

Sisi wa Kolwezi tunapashwa kujua tofauti hii kupita wengine. Line ya umeme yenye kutoka Inga, karibu kilometa 1.700, inafika hapa kwetu ikiwa courant continu, volti 500.000, na ni stesheni ya Kolwezi njo inaigeuza kuwa alternatif. Mu nyumba yako, onduleri ndogo inafanya kazi ya namna ile ile: inakamata continu ya batri, inatosha alternatif ya televizio.

Ukiweka kisu ku V ya continu na unapima prize, kioo kitaonyesha karibu 0. Utafikiri hakuna umeme. Utashika waya. Watu wanakufa hivyo, si juu multimetre ilikuwa mubaya, lakini juu haikusomwa vizuri.

2. Namba za kioo na ukweli wake

Kwenye boksi utasoma « 2000 points », « 4000 points » ao « 6000 points ». Hiyo ni hesabu ya namba zenye kioo kinaweza kuonyesha. Yenye 2000 inaishia 1999. Njo maana, ku prize, ile ndogo mara nyingi inaonyesha 220 bila kiloko nyuma, na ile ya 6000 inaonyesha 220,4.

Lakini namba nyingi si ukweli mwingi. Soma karatasi ya ndani. Kama imeandikwa ±(1,2 % + 10), fanya hesabu: asilimia 1,2 ya 220 ni karibu 2,6, ongeza 10, inakuwa volti 12,6. Maana yake, 220 yako inaweza kuwa 208 ao 232. Ingine yenye kuandika ±(1 % + 3), na inaonyesha sehemu ya kumi ya volti, inakosea volti 2,5 tu.

Kwa kujua kama frigo inapata umeme wa kutosha jioni, ile ya kwanza inafaa. Ikionyesha 160, hakuna haja ya kubishana: zima frigo, mashini yake itaungua.

Kwa batri ya risasi (plomb) ya volti 12, hata ile ndogo inasaidia sana. Acha batri ipumuzike masaa machache, kisha pima: 12,7 imejaa, 12,2 iko nusu, chini ya 12 iko karibu kuisha. Batri mbili za kamiyo, zenye kufungwa pamoja, zikijaa zinatoa karibu 25,4. Ukienda kuuza batri ya zamani, omba wakuwashie taa kubwa juu yake na upime tena. Kama volti zinaanguka mbio, rudisha pesa yako mu mufuko.

3. Maneno « True RMS »

Multimetre ya bei ndogo inafikiri umeme wote wa alternatif unapanda na kushuka vizuri, kama ule wa line. Lakini onduleri za bei ya chini zinatoa umeme wa kukata-kata, na variatere zenye kuongoza mota za mine vilevile. Hapo ile ndogo inadanganya. Onduleri yenye kutoa 220 ya kweli inaweza kuonekana kama 175. Unaenda kugombana na fundi, kumbe onduleri iko muzima.

Multimetre yenye maneno True RMS inahesabu nguvu ya kweli. Kama kazi yako ni onduleri ao mota zenye variatere, hiyo si urembo, ni lazima. Kwa batri na balbu, hapana.

4. CAT: hapa njo pesa inaenda

Geuza multimetre, tafuta maneno CAT II, CAT III ao CAT IV na volti zake. CAT II ni ya vyombo vya nyumba vyenye kuchomekwa mu prize. CAT III ni ya tablo, disjonktere na mota. CAT IV ni ya kule umeme unaingilia: konta na line ya nje.

Radi ikipiga line, ao mota kubwa ikizimwa, volti zinaruka kwa muda mufupi kupita kufumba jicho. Multimetre ya CAT III 600 V inajaribiwa na pigo la volti 6.000, ya CAT II 600 V na 4.000. Tena pigo la CAT III linaweza kusukuma ampere nyingi zaidi, mara sita kwa volti sawa. Kwa hiyo usiangalie volti peke yake.

Halafu angalia fizible. Mu ile ya muzuri, fizible ni kubwa, ya ceramic, imejazwa muchanga wa kuzima moto. Mu ile ndogo ni ya kioo, na mara nyingi tundu la 10 A haliko na fizible hata moja. Wameandika wenyewe pembeni: « unfused », ni kusema haina fizible. Sasa, mutu anapima ampere, anasahau waya mwekundu mu tundu la 10 A, kisha anaenda kupima volti mu tablo. Hapo amefanya court-circuit kwa mukono wake. Mu nyumba, disjonktere itaruka. Mu tablo ya mine, karibu na transfo kubwa, ile plastiki inapasuka mbele ya uso na moto wake.

Njo pesa ile ingine inalipa: siku ya kukosea. Siku zingine zote, mbili zinapima sawasawa.

Lakini chunga: mutu yeyote anaweza kuandika CAT III juu ya plastiki. Tafuta pia alama ya wapimaji, kama UL, CSA ao TÜV, na angalia kama waya za kupimia ziko nazo na CAT ile ile.

Yenye multimetre haiwezi

Hata ile ya dola 400 inaishia volti 1.000. Usiipeleke ku kabine ya volti 6.600. Na usiamini « biip » yake ao ohmi zake kwa kusema kabulu ya pompe iko muzima: kwa hiyo inaomba mégohmmètre, yenye kusukuma volti 500 ao zaidi. Kwa ndugu wenye kutumia pompe ndani ya mashimo: zima grupe kwanza, ndipo muguse maji.

Ku mine, kwa kuhakikisha umeme umekufa, kuko chombo cha pekee, VAT. Na desturi ni moja: pima kwanza pahali unajua kuko umeme, kisha pale pa kazi, kisha rudi tena pale pa kwanza. Kama chombo kimekufa katikati, utakijua mbele kikuue. Weka kadena yako, funguo ikae mu mufuko yako.

Basi, kwa batri na pano za nyumbani, ile ya soko inatosha, na isiguse tablo. Kwa fundi wa mu mutaa, changa pesa ya CAT III 600 V yenye fizible ku matundu yote. Kwa mufanyakazi wa mine, tumia ile kazi imekupa. Ile ya soko iache nyumbani. Waya zake zikipasuka ngozi, usizifunge skochi: zitupe.

Na ku soko, muuzishaji akikuambia bei, mwambie: « Ngoja kwanza, geuza nione nyuma. »