Maisha ya mukulima: juu ya nini watafiti wanahesabu barieri?

Mama anatoka shambani na mihogo, anapeleka kwenye soko la Pinga. Mavuno ni mazuri, lakini anarudi nyumbani na feranga kidogo tu. Pesa imeishia wapi? Ulizo hilo ndilo watafiti wengi wa maisha ya vijijini wanafuata leo.

Zamani hawakuanzia hapo. Mwaka 1992, Robert Chambers na Gordon Conway walieleza ya kwamba maisha ya kijijini ni imara kama familia inaweza kusimama tena kisha shida, bila kuharibu udongo na misitu ya watoto wake. Kisha hapo, watafiti walizoea kuhesabu mali ya familia: shamba, mbegu, mifugo, masomo, pesa, na watu wa kutegemea.

Huku Kivu, hesabu hiyo haikutosha. Mwaka 2017 shirika IPIS la Ubelgiji, pamoja na watafiti Wakongomani, lilihesabu barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Wenye kuzisimamia ni makundi yenye silaha, wanajeshi, hata na watumishi wa serikali. Tena, katika vijiji vingine kuna kodi ya "lala salama" na salongo ya lazima.

Mbegu nzuri inaongeza mavuno, lakini haiondoi barieri. Kwa hiyo mradi wa bulimi ukifika kijijini, wakaaji waulize mapema: mumehesabu mashamba, na njia ya kufika soko je?