Pikiniki ya familia bila kuacha taka ufukweni

Mwisho wa wiki ukifika, familia nyingi za Magomeni hutoka kwenda kupunga upepo. Nyumba zimebanana, viwanja vya watoto kuchezea ni vichache, hivyo bahari ndiyo inayobaki. Wengine hupanda mwendokasi wa Morocco na kumalizia kwa bajaji hadi Coco Beach. Wengine huenda mpaka Kivukoni, kisha huvuka kwa kivuko kwenda Kigamboni.

Shida huonekana jioni, watu wanapoondoka. Mchangani hubaki chupa za maji, boksi za chipsi, vijiko vya plastiki, vijiti vya mishikaki na hata pampasi za watoto. Maji yakijaa, taka hizo huzolewa na kuingia baharini.

Kwa mkazi wa Magomeni jambo hili haliishii ufukweni. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita bonde la Jangwani kati ya Magomeni na Kariakoo, na humwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda, si mbali na Coco Beach. Chupa inayotupwa kwenye mtaro wa mtaani inaweza kufika baharini kabla ya mwenyewe. Isipofika, huziba mtaro. Mvua kubwa zikinyesha, taka zilizoziba mitaro na mto huongeza mafuriko, na Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mwendokasi ukasimama, na maji yakaingia kwenye nyumba za mabondeni.

Ndiyo maana pikiniki ni nafasi nzuri ya kumfundisha mtoto usafi. Anachokizoea siku ya furaha, akiwa na wazazi wake, ndicho atakachokifanya akiwa peke yake njiani kutoka shule.

Mfuko na kikapu

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile iliyozoeleka kwa jina la rambo, imepigwa marufuku Tanzania Bara. Anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini au kufungwa siku zisizozidi saba. Lakini marufuku hiyo haikugusa chupa za maji na vifungashio vingi vya vyakula vya viwandani, na hivyo ndivyo vinavyoonekana zaidi ufukweni leo.

Dawa yake watu wa pwani wanaijua tangu zamani. Waliokwenda mandari walibeba kikapu cha ukili, mkeka, chupa ya chai na vyombo vya nyumbani. Hakuna kilichotupwa kwa sababu kila kitu kilikuwa na mwenyewe.

Familia ya leo inaweza kufanya hivyo hivyo. Wali au pilau hukaa kwenye hotipoti. Chapati hufungwa kwa kitambaa safi. Maji ya kunywa huwekwa kwenye dumu lenye barafu, na kila mtoto huja na chupa yake ya shule. Juisi ya ukwaju au ubuyu hutengenezwa nyumbani badala ya kununua pakiti kumi zenye mirija kumi.

Nani ataosha vyombo?

Hapa ndipo kina mama wengi hukwama. Sahani za kutupa hupendwa kwa sababu mama ndiye anayepika, anayebeba na anayerudi nyumbani usiku kuosha masufuria wakati wengine wamelala. Pikiniki ya namna hiyo kwake si mapumziko.

Suluhisho ni kugawana kazi kabla ya kutoka. Kila mtu, baba akiwamo, anabeba sahani, kikombe na kijiko chake, na akirudi anakiosha mwenyewe. Sahani za bati au za plastiki ngumu zinafaa kuliko za udongo, kwa kuwa hazivunjiki na zikipotea hasara si kubwa. Vyombo vihesabiwe wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Kazi hiyo mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Wanaopenda mihogo na mishikaki ya Coco Beach nao hawalazimiki kuacha. Wanaweza kumpa muuzaji sahani yao badala ya kupokea ya kutupa.

Chakula na moto

Kupika kiasi kinacholiwa ni sehemu ya usafi. Viazi karai, maandazi, mayai ya kuchemsha, ndizi na machungwa havihitaji vifungashio, na kinachobaki hurudi nyumbani kikaliwa. Maganda ya matunda nayo yasitupwe mchangani kwa hoja kwamba yataoza. Huvuta nzi na kuwachafulia wanaokuja baadaye.

Wanaobeba jiko la mkaa wawe waangalifu zaidi. Wengi hufukia makaa mchangani wakidhani yamezimika, kumbe mchanga hutunza joto kwa muda mrefu. Mtoto anayepita pekupeku anaweza kuungua vibaya. Makaa yamwagiwe maji mengi, yapoe, kisha yabebwe pamoja na taka nyingine. Nafuu zaidi ni kupika nyumbani.

Viumbe wa baharini

Watoto huelewa haraka wakielezwa taka zinamdhuru nani. Baadhi ya fukwe za upande wa Kigamboni ni mahali ambapo kasa huja kutaga mayai. Kasa humeza mifuko ya plastiki wakidhani ni konyeza, na wanaweza kufa kwa kuziba tumbo. Hadithi hiyo, ikisimuliwa watoto wakiwa wamekaa mkekani wanatazama bahari, huwaingia kuliko karipio.

Makombe na kaa waachwe walipo. Kuwatazama kunatosha, kaa aliyefungiwa kwenye chupa hafiki Magomeni akiwa hai.

Taka zirudi nyumbani

Mapipa ya ufukweni mara nyingi hujaa mapema siku za wikiendi, na kuweka mfuko pembeni ya pipa lililojaa ni kuwaachia kunguru. Familia ibebe kiroba kimoja cha taka, na mtoto mmoja akabidhiwe kazi ya kukisimamia. Dakika kumi kabla ya kuondoka, wote wapite eneo lao kuangalia kilichosahaulika.

Wakifika nyumbani, chupa za plastiki zitengwe kwa ajili ya waokota chupa wanaoziuza kwa kilo. Maganda apewe jirani anayefuga mbuzi au kuku. Vilivyobaki vifungwe vizuri na kusubiri gari la taka la mtaa, hata kama litachelewa siku mbili, badala ya kutoswa usiku kwenye mtaro.