Nyumba za Mjerumani Kigoma: kweli na si kweli

Ukishuka treni Kigoma, geuka ulitazame jengo la stesheni. Matao yake yamepokea abiria tangu enzi ya Mjerumani, aliyefikisha reli ya kati ziwani Februari 1914. Mjini humo ipo pia Nyumba ya Kaiser, iliyo mikononi mwa serikali. Majengo haya yamezungukwa na maneno mengi, na mengine yanayaharibu.

“Kaiser alilala hapa.” Si kweli. Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, hakukanyaga Tanganyika maisha yake yote. Bara la Afrika alilikanyaga Tangier, Morocco, mwaka 1905, akakaa saa chache tu. Reli ilipofika Kigoma, miezi sita baadaye Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Julai 1916 Wabelgiji wakautwaa mji, na Novemba 1918 Kaiser mwenyewe akakimbilia Uholanzi. Anayesema nyumba ile ilijengwa kwa heshima yake tunaweza kukaa naye tukajadiliana. Anayesema alilala humo amekosea.

“Reli ililetwa Kigoma kwa kuwa ndio uliokuwa mji mkubwa.” Si kweli. Mji ulikuwa Ujiji, kituo cha misafara ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kigoma ilikuwa na ghuba iliyojikinga na yenye kina cha kutosha meli, ilhali pwani ya Ujiji iko wazi kwa mawimbi.

“Kujikinga na jua tulifundishwa na Mjerumani.” Si kweli hata kidogo. Tembe za Ujiji zilikuwa na kuta nene za udongo, na mbele yake baraza pana. Livingstone na Stanley walizungumza barazani. Hapo ndipo wageni walipopokelewa na bei kupatanwa. Kwangu mimi, ofisi ya kwanza ya mwambao huu ni baraza.

“Veranda ni nafasi iliyopotea, izibwe tupate vyumba.” Si kweli, na hili linaniuma. Niliwahi kuingia katika nyumba kongwe iliyogeuzwa ofisi. Veranda ilikuwa imezibwa kwa alumini na vioo, chumba cha ndani kinawashwa taa saa sita mchana, kiyoyozi kinanguruma. Aliyeijenga alikuwa ameweka veranda ili jua lisiuguse ukuta na upepo wa ziwa upite kabla ya kuingia ndani. Dari lilikuwa juu ili joto lipande. Nalo wakalishusha kwa jipsamu. Kisha tunalalamika kwamba nyumba za kale zina joto!

“Ukuta ukimenyuka, piga lipu ya saruji.” Si kweli kwa ukuta uliojengwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu. Saruji huuzuia usitoke. Unyevu hupanda, chumvi nyeupe hutokeza, na baada ya masika chache lipu hubambuka vipandevipande pamoja na uso wa tofali. Rangi ya mafuta hufanya vivyo hivyo. Dawa yake ni chokaa, na fundi anayejua kuiloweka na kusubiri.

“Jengo la Mjerumani linalindwa na sheria kwa ukongwe wake.” Si kweli, na wengi hawalijui hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mjerumani alikuja baada ya hapo, kwa hiyo jengo lake hupata ulinzi huo pale tu waziri anapolitangaza. Lisipotangazwa, usalama wake uko kwa anayelitumia.

Basi wewe uliyepewa meza katika nyumba ya namna hii, kabla hujaita fundi wa alumini, fungua madirisha ya upande wa ziwa na uondoe makabati yaliyoyaziba. Kaa hivyo wiki moja.