Kufundisha Umeme na Sumaku katika Viowevu

Kani ya sumaku hufundishwa kwa waya, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba jambo hilo ni la waya tu. Tunapendekeza somo lianzie kwenye maji ya chumvi.

Chukua sahani ya plastiki, zungusha waya wa shaba mtupu kwenye ukingo wa ndani, na katikati simamisha kijiti cha kaboni. Mimina maji ya chumvi ya kina cha sentimita 1, nyunyiza pilipili manga iliyosagwa, kisha weka sumaku bapa chini ya sahani. Unganisha betri 6 za tochi, kaboni ikiwa upande wa chanya. Maji huzunguka. (Madirisha yawe wazi, kwani kwenye kaboni hutoka klorini kidogo.)

Tulipofanya jaribio hili mara ya kwanza tuliridhika mapema mno. Wanafunzi waliandika kwamba umeme huyasukuma maji kama upepo, wala hatukuwa na hoja ya kuwapinga, kwa sababu hatukuiondoa sumaku. Iondoe: mkondo ungalipo, lakini mzunguko hukoma. Kisha igeuze, na waulize wanafunzi itakuwaje iwapo betri nazo zitageuzwa.

Kinyume chake pia ni kweli: kiowevu kinachotiririka ndani ya uga wa sumaku huzaa umeme. Mwaka 1832 Faraday alitumbukiza mabamba ya shaba katika mto Thames kuutafuta umeme huo, asifaulu kuupima kwa uhakika. Katika chuma kilichoyeyuka, kilomita 2,900 chini yetu, umeme wa namna hiyo ndio unaoudumisha uga wa Dunia. Sahani yetu haiwezi kuuiga: ni ndogo, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa udhaifu mno. Hapo huhitajika hesabu.

Hesabu hiyo yaweza kuigizwa bila kompyuta. Waketishe wanafunzi 9 katika safu moja. Wa katikati ashike namba 64, wengine 0; namba ni nguvu ya uga. Kila hatua, mwanafunzi huchukua nusu ya namba yake na robo ya namba ya kila jirani. Katikati hupatikana 32, halafu 24, halafu 20. Pembeni namba huenea. Wote watumie namba za hatua iliyopita: mmoja akichungulia namba mpya ya jirani, safu nzima huharibika.

Wanafunzi huona kwamba uga wa kiowevu kilichotulia hufifia. Wa Dunia ungefifia kwa makumi ya maelfu ya miaka, lakini una umri wa zaidi ya miaka bilioni 3; basi mtiririko huufufua. Mwaka 1995 Glatzmaier na Roberts walitangaza hesabu ya kompyuta iliyojumuisha mtiririko huo, na ndani yake ncha za sumaku zilibadilishana mahali zenyewe, kama miamba inavyoshuhudia kwamba zilifanya hivyo zamani. Hata hivyo kiowevu chao kilikuwa kizito kuliko chuma halisi, maana mizunguko midogo mno haikuweza kuingia katika visehemu vya hesabu.